Ngazi Arobaini na Moja

4 Februari

Kitinda wangu,

Pokea salamu za mama yako, zimejaa kikapu na nyingine zimemwagikia njiani. Unalala vizuri? Unakula, au unadanganya tumbo kwa chai? Mimi mzima. Goti la kushoto ndilo lenye maneno mengi asubuhi, likishapata joto linanyamaza.

Barua yako nimeipata na picha nimeiona. Kwanza nilidhani nimeishika juu chini. Nikaigeuza. Basi watu wote wakawa juu chini isipokuwa wewe. Nikamwita fundi cherehani wa chini, akapanda na miwani yake na futi ya kupimia shingoni, akaigeuza naye mara mbili, akasema, "Mama Godoro, picha iko sawa. Ni mtoto ndiye aliyegeuka."

Sasa niambie, huyo mwanamke mfupi aliyekushika ukosi akakurusha hewani kama mto ni nani, na umemkosea nini? Nilikuaga uende kulea wazee, sikukuaga uende kurushwa. Unasema ni mchezo, unaitwa judo, unaucheza kila Jumamosi na unaanguka mara arobaini kwa siku moja. Mara arobaini! Mtu na akili zake anaanguka mara moja, analia, basi.

Kitinda, unajua nyumba yetu na kuanguka. Bibi yako alikuwa mzima kama kinu, akaanguka kwenye kizingiti cha jikoni nyonga ikavunjika, na hakuvuka mwezi. Mimi mwenyewe Novemba niliteleza kwenye ngazi hizi, maji ya mvua yaliingia. Nilidaka chuma cha pembeni, sikuumia ila kalio moja liligeuka rangi ya biringani. Watu wakaniambia kuteleza si kuanguka. Aliyesema hivyo hakuwa na ngazi arobaini na moja.

Tangu hapo sijashuka. Usishtuke, mambo yanakwenda. Kikapu nakiteremsha dirishani kwa kamba, mama wa matunda ananijazia. Magodoro nikimaliza kushona nayakunja, nayafunga, yanashuka kwa kamba hiyohiyo, wateja wanayapokea chini wanacheka. Barua fundi ananipelekea posta. Na tumepatana naye, nikipiga sakafu kwa mchi mara tatu, anajua nina shida, anapanda mbio. Kwa hiyo nimejipanga. Ulivyosema nije nikutembelee mwezi wa sita, tutaona, Mungu akipenda na goti likipenda.

Lakini nijibu hili bila kuzunguka: nani anakusumbua huko mpaka unajifunza kupigana?

Mimi mama yako.


19 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimelala, nimekula, na chai ilikuwa na mkate. Goti lipe pole, uliambie lisiamke kabla yako.

Anayenisumbua ana miaka themanini na mbili. Tunamwita Refa, kwa kuwa alikuwa mwamuzi wa mpira maisha yake yote. Siku nyingi ni mtu mtamu kuliko wote hapa. Siku nyingine kichwa kinarudi uwanjani, ananiona mimi ni beki mkorofi, ananikamata mkono ili anitoe nje. Na mkono wake, Mama, ni koleo. Anabana mpaka vidole vyangu vinakufa ganzi huku ananikaripia, "Toka! Toka nje ya uwanja!"

Huwezi kumpiga mtu kama huyo. Huwezi hata kumsukuma. Mwenzangu alimsukuma mwaka jana, si kwa ubaya, alikuwa anaumia. Mzee alianguka akapasuka kichwa, na mwenzangu akaondolewa kazini siku hiyohiyo. Nilijiuliza: siku yangu ikifika, nitafanyaje nisimuumize na yeye asiniumize?

Ndipo alipokuja fundi bomba kutuzibulia bafu. Ndiye mwanamke mfupi wa kwenye picha. Refa alimkamata hapo hapo, spana mkononi. Yeye akacheka, akageuza mkono hivi, ukatoka kama sabuni, akamwambia, "Samahani refa, natoka mwenyewe." Nikamfuata mpaka getini kumuuliza amejifunza wapi. Kumbe anafundisha, kwenye ukumbi ulio nyuma ya soko.

Alianza kwa kutueleza judo ilikotoka. Kule Japani, zamani, askari walipigana kwa panga. Aliyeangusha upanga wake alibaki na mikono tu, kwa hiyo wakabuni namna za kumkamata mtu, kumkunja na kumbwaga. Wakati wa panga ulipopita, ujuzi ule ukadharauliwa, ukakosa wa kuurithi. Akatokea kijana mmoja msomi, mdogo wa mwili, wenzake shuleni walikuwa wanamwonea. Akataka kujifunza, hakujua aende kwa nani. Unajua alikwenda kuuliza kwa nani? Kwa waunga mifupa. Alisikia kwamba wanaounga mifupa, wengi wao ndio waliokuwa wakijua kuivunja. Na kweli mwalimu wake alikuwa muunga mifupa.

Yule kijana akajifunza, kisha akachambua kama wewe unavyochambua pamba. Yale ya kuua na kulemaza akayatoa kwenye mchezo, akabakiza yale unayoweza kumfanyia rafiki yako na kesho akaja tena kucheza nawe. Akayapa jina la judo, maana yake njia ya ulaini. Na kitu cha kwanza kilikuwa ni kuanguka. Mwalimu alitukalisha miezi miwili tunajifunza kuanguka tu. Anasema, "Kupigwa unaweza usipigwe maisha yako yote. Lakini nani hapa hataanguka?"

Sasa na wewe nijibu bila kuzunguka. Tangu Novemba mpaka leo ni miezi mitatu. Miezi mitatu hujakanyaga chini?

Mwanao, Kitinda.


6 Machi

Kitinda,

Salamu tele. Nimesoma barua yako mara mbili peke yangu, mara ya tatu nimemsomea fundi, kwa sababu alisikia nacheka akapanda kuuliza kuna nini.

Huyo Refa maskini nimemhurumia, na wewe nimekuhurumia zaidi. Mkono wako paka mafuta ya moto. Na huyo mwenzako aliyefukuzwa, mfikishie pole, mwambie kuna mama mmoja mshona magodoro amelia kidogo kwa ajili yake.

Habari ya waunga mifupa imenipendeza. Nilimwambia fundi, akasema ndivyo ilivyo duniani, anayejua kuzibua ndiye anayejua kuziba. Lakini mimi darasa langu ni la nne, na la nne lenyewe nililiacha katikati, kwa hiyo niwie radhi nikiuliza ya kijinga. Mwizi wa barabarani atakungoja kwanza uvae ile nguo nyeupe na kufunga mkanda? Akija na kisu je? Wakiwa wawili je? Na kwa nini nguo nyeupe, kwa watu wanaogaagaa sakafuni? Nani anafua? Fundi anasema amesikia mkanda wao hautakiwi kufuliwa, unaanza mweupe na uchafu ndio unaufanya mweusi, mweusi zaidi ndiye bingwa. Kama ni hivyo, mimi aproni yangu ni bingwa tangu mwaka juzi.

Kuhusu kushuka. Ndiyo, miezi mitatu, sasa wa nne. Umeuliza, basi nakuambia. Asubuhi nafungua mlango, nasimama juu ya ngazi ya kwanza. Nazitazama zinavyoteremka, zile za katikati zimelika kwa miguu ya watu, zinang'aa. Miguu inakuwa ya mtu mwingine. Naiamuru, haisikii. Narudi ndani, nakaa juu ya magunia ya sufi, nachambua, na mikono inafanya kazi vizuri kabisa kana kwamba haikuona kitu. Sijamwambia mtu. Fundi anajua nina goti.

Usinilaumu. Na mwezi wa sita usinitegemee sana, mwanangu. Nitakutumia godoro.

Mama yako.


20 Machi

Mama,

Shikamoo yangu ya leo ni ndefu, itakufikia kabla ya barua. Mkono umepona, mafuta nimepaka.

Nilimpelekea mwalimu maswali yako kwenye karatasi, akayasoma mbele ya darasa zima. Alisema, "Mama wa huyu angekuwa hapa mngekuwa mmeshajua mengi." Majibu yake haya. Mwizi hangoji, na ndiyo sababu mtu arudie jambo moja mpaka mwili ulijue bila kuulizwa. Akija na kisu, mpe mkoba umbariki. Wakiwa wawili, kimbia, mbio ndiyo mkanda wa kwanza na hauna rangi. Mchezo huu utakufaa mtu akikushika, akikuvuta, akikusukuma, na hapo nao ni kwa kupata nafasi ya kuondoka, si ya kuonyesha ufundi. Yeye mwenyewe miaka ishirini ameutumia barabarani mara moja, aliteleza kwenye tope na mabomba begani, akaanguka vizuri. Habari ya mkanda na uchafu ni hadithi tu ya watu, mikanda inafuliwa na rangi inabadilika kwa mtihani. Mtihani wangu wa mkanda wa njano ni Jumamosi ya tarehe kumi na nne Juni, saa nne asubuhi. Kila mwanafunzi amewekewa kiti kimoja cha mgeni. Changu nimeandikisha "Mama".

Sikulaumu. Lakini nisikilize, maana wewe ndiwe mtu pekee katika ukoo mzima mwenye vifaa vya kazi hii chumbani mwake.

Kwanza kukamatwa. Mkono wa mtu una vidole vinne upande mmoja, na gumba liko peke yake. Mlango uko upande wa gumba. Usivute nyuma, geuza mkono wako upande ule na utoke.

Pili kuanguka. Tandika magodoro mawili, lile la pamba chini, la sufi juu. Kaa. Kunja mikono kifuani. Kidevu kifuani pia, na utazame fundo la aproni yako, lile unalofunga tumboni, usiliache kwa macho hata nyumba ikiungua. Sasa jiviringishe nyuma, mgongo uwe mviringo kama gurudumu. Mgongo ukigusa, piga godoro kwa mikono yote miwili, viganja chini, piga kama unakung'uta vumbi. Kile kipigo ndicho kinachokula nguvu ya kuanguka, usiogope kelele. Usiweke mkono nyuma kujizuia, mkono huo ndio unaovunjika. Ukizoea ukiwa umekaa, fanya ukiwa umechuchumaa. Kusimama bado. Na fundi au mkewe awepo. Hilo la mwisho nimelipigia mstari.

Kitinda wako.


9 Aprili

Kitinda mwanangu,

Habari za siku nyingi. Mimi mzima, nyumba nzima ni nzima, ila mlango.

Uliandika mtu awepo. Niliona haya. Mwanamke wa miaka sitini na moja amwite fundi cherehani aje amtazame anavyobingirika? Nikafunga komeo, nikatandika kama ulivyosema, nikakaa, nikatazama fundo. Mara ya kwanza nilijilaza tu kama mgonjwa. Mara ya pili nikaenda kidogo. Nikasema, Mama Godoro, umeshona magodoro miaka thelathini na tano watu wengine walale, leo ni zamu yako. Nikajiviringisha kwa moyo wote, nikapiga. Mikono ikavuka godoro ikatua kwenye mbao za sakafu. Puu! Nikainuka, nikafurahi kama mtoto. Nikarudia. Puu! Nikarudia tena.

Ilikuwa ya tatu hiyo.

Nikasikia chini kiti kinaanguka, halafu miguu kwenye ngazi, miguu ya watu wawili. Fundi alikuwa anampimia mteja suruali, na mteja naye akaja, mguu mmoja umebanwa pini, mwingine umekunjwa gotini. "Mama Godoro! Mama Godoro, jikaze tunakuja!" Nikataka kujibu lakini nilikuwa bado chali, pumzi haijarudi. Fundi akatia bega. Komeo likang'oka na misumari yake, mlango ukafunguka, naye akaingia nao, kichwa mbele, akatua kifudifudi juu ya godoro la sufi pembeni yangu.

Neno la kwanza lililonitoka ni, "Kidevu, fundi! Kidevu!"

Mteja akasema, "Wote wawili wamekufa."

Basi fundi akainuka ana sufi kwenye nyusi, akanikamata mkono anivute. Namwambia niache, mimi mzima. Hasikii. "Usijitikise, mama, usijitikise, huenda umevunjika." Ananivuta nami nimekaa. Nikakumbuka gumba. Nikageuza mkono, nikatoka. Akabaki amekumbatia hewa, anautazama mkono wake kama umemwibia.

"Umejifunza wapi hiyo?"

"Kwa posta," nikamwambia.

Tulicheka mpaka mke wake akapanda kuona kama tumeingiwa na wazimu. Mteja alicheka pini ikamchoma, akashuka akichechemea. Komeo fundi amelirudisha mwenyewe. Na sasa tumebadilisha mapatano. Kupiga mara tatu ni masomo, nikiwa na shida ya kweli napiga mara nne. Mke wake anakuja kila siku baada ya chakula cha mchana, tunaanguka wote. Ana mwili mkubwa, akipiga chini, cherehani ya mumewe inaruka mishono. Hatua ya kuchuchumaa tumeifikia.

Ngazi bado sijashuka. Usiniulize.

Mama yako, mwanafunzi.


30 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma jikoni kazini, matroni, msimamizi wetu, akanikuta nimekaa sakafuni kwa kucheka. Naye nikamsomea.

Leo naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zimelewa. Kiwiko cha kulia kimevimba, si kitu, kimepigwa picha na hakijavunjika. Jumatatu nilikuwa namtoa Refa bafuni. Akasimama ghafla, akaniona mimi ni beki, akanikamata mikono yote miwili, na hapo hapo akateleza. Vigae, maji, sabuni, na mzee wa themanini na mbili anakwenda nyuma.

Sikufikiri, Mama. Ningemtoka mikononi kwa gumba, angeanguka peke yake. Nilimshika kwa nguvu kuliko alivyonishika, nikageuka, nikashuka chini mimi, yeye akaja juu yangu. Kidevu kifuani. Nilichomoa mkono wa kulia nikapiga nao vigae, ndipo kiwiko kikavimba. Kichwa chake kilitua hapa tumboni kwangu kama tikiti kwenye kikapu.

Matroni na wauguzi walifika mbio. Refa yuko juu yangu, kitaulo tu mwilini, akainua mkono mmoja, akawatangazia, "Hakuna faulo. Mchezo uendelee."

Amepimwa, hana hata mkwaruzo. Matroni amesema wafanyakazi wote waende ukumbini kujifunza kuanguka, na saa za kazi zitahesabiwa. Na amemwandikia barua yule mwenzangu aliyeondolewa, kumuuliza kama atapenda kurudi. Nilidhani ungependa kujua hilo, kwa kuwa ulimlilia.

Kitinda.


17 Mei

Kitinda wangu,

Pole ya mkono, pole ya kiwiko, pole ya yote. Nilipofika pale pa vigae niliiweka barua chini, nikaenda dirishani nikavuta hewa, nikarudi. Mwanangu, ningejua nisingekusema vibaya kwa picha ile. Nimeitundika ukutani sasa, na wateja wote wanaigeuzia vichwa.

Nataka nikuambie jambo, nalo sijamwambia mtu, hata baba yako mpaka anazikwa.

Siku zote nimesema bibi yako aliuawa na kuanguka. Si ukweli wote. Mimi nilikuwa nimekwenda kuchukua pamba. Alianguka asubuhi, kikombe cha chai kikiwa bado na moshi. Niliporudi ilikuwa adhuhuri, chai imeganda utando, naye yupo palepale kizingitini. Alikuwa amevuta kitambaa cha meza akajifunika miguu, kwa kuona haya akifika mgeni. Akaniambia, "Nimekuita, ukawa hunisikii." Sauti haikuwa ya kulaumu, na ndiyo inayoniuma.

Kwa hiyo nikisimama juu ya ngazi, sioni kuanguka. Naona kulala pale chini, naita, na hakuna anayesikia. Nimeligundua hili mwezi huu, nikiwa chali na mke wa fundi. Alisema, "Shoga, kuanguka nimekujua, shida yangu ni kuinuka." Tukaanza kujifunza kuinuka. Kubingirika ubavuni, goti, mkono, goti la pili, juu. Hujaniandikia hilo, tumelitunga wenyewe. Mara ya kwanza ilinichukua muda wa kuchemsha maji. Sasa nainuka mke wa fundi akiwa bado anatafuta goti lake.

Basi nikafungua mlango. Jumatatu nilishuka ngazi tatu nikarudi. Jumanne tano. Nakwenda nimeshika chuma cha pembeni, natazama fundo la aproni nikiona kizunguzungu. Fundi anasimama chini na futi yake shingoni anahesabu kwa sauti kama mnada, na kila nikiongeza moja anapiga mkasi hewani. Jana kumi na tisa. Ile ya kumi na tisa ndiyo niliyotelezea Novemba. Nimeikanyaga kwa kisigino mara mbili, nikapanda moja, nikairudia, nikaikanyaga tena.

Zimebaki ishirini na mbili. Usinihesabie siku.

Mama yako.


28 Mei

Mama,

Shikamoo, na machozi, na kicheko. Barua yako nimelala nayo.

Bibi alikuita, na wewe ulikuja. Ulikwenda kuchukua pamba ili yeye ale. Na Jumamosi darasa zima lilijifunza kuinuka kwa mtindo wa mke wa fundi. Mwalimu ameandika ubaoni: goti, mkono, goti, juu.

Sikuhesabii siku. Nakuandikia tu njia, kama unavyoandikia mtu namna ya kupika, apike asipike. Basi linaondoka asubuhi, linafika jioni. Kituo cha mwisho, usishuke kabla. Nyumba yangu iko nyuma ya duka la vioo, mlango wa kijani, ghorofa ya pili. Ukumbi uko nyuma ya soko, yeyote atakuonyesha.

Kiti kipo. Kikikaa kitupu kitakuwa bado ni chako.

Kitinda.


10 Juni

Mama,

Shikamoo. Ni wiki mbili sasa, sijapata jibu. Wewe hukai wiki mbili bila kuniuliza kama nimekula.

Kama umekasirika kwa habari ya kiti, nisamehe. Kama ni goti, mwambie fundi aniandikie mistari miwili. Nimeambiwa posta inachelewa. Nimekula, nimelala kidogo. Ulifika ya ngapi? Ulikuwa unashuka na mtu? Nilikuambia sikuhesabii siku, na sasa nahesabu ngazi. Nimekuwa wewe.

Tafadhali andika, hata neno moja.

Mwanao.


14 Juni, asubuhi

Kitinda,

Hii nakuandikia kwenye mkeka wa mlango wako, nimelikalia godoro nililokushonea, kwa penseli ya jirani yako mwenye mtoto mgongoni. Amesema umetoka sasa hivi kwenda ukumbini, tumepishana kwa kona moja. Nimefika jana jioni, nikaogopa kuja gizani nyumba nisiyoijua, nikalala kwa dada wa mke wa fundi karibu na kituo. Usinikasirikie.

Barua unayoingoja ninayo mfukoni. Niliiandika tarehe tano. Fundi alinyoosha mkono aipeleke posta kama siku zote, nikamwambia leo naipeleka mwenyewe. Ngazi arobaini na moja, Kitinda. Aliacha kuhesabu kwenye thelathini na tano, akawa anapiga mkasi hewani tu mpaka mwisho. Nikafika chini, nikavuka barabara, nikasimama mbele ya sanduku la posta na barua mkononi. Nikajiuliza, sasa nikiitumbukiza humu, miguu nimeishushia nini? Nikarudi nayo, nikapanda, nikaanza kukushonea godoro.

Nisikufiche. Jana kituoni, nikishuka kwenye basi, kidato cha mwisho kilikuwa na ganda la kitu, nikaenda nyuma. Watu wakapiga kelele. Mimi nikaona fundo la aproni, Kitinda, wazi kama taa, kwa kuwa nimesafiri nayo. Nikapiga lami kwa viganja, vinawasha mpaka leo. Kondakta akaja mbio, "Mama, usijitikise!" Nikamwambia, subiri kwanza. Goti, mkono, goti, juu. Alipofika nilikuwa nakung'uta sketi. Nimepata alama kwenye kalio lile lile, ila hili safari hii nalionea fahari.

Chai nimekunywa kwa jirani. Saa ya ukutani kwake inasema tatu na nusu, na amenionyesha soko liko wapi. Godoro naliacha hapa mlangoni, barua hii naipenyeza chini, ukitangulia kurudi ujue nilikuwa hapa.

Ngazi zako ni ishirini na nane. Nilizihesabu nikipanda. Sasa naenda kuzihesabu nikishuka.

Kiti changu asikikalie mtu.

Mama yako.